Kitabu cha Waitalia na Asali ya Githongo

Ukifika Kairuri, juu kidogo ya mji wa Embu, ukauliza nyumbani kwa Virginia Ruguru, huenda usielekezwe upesi, maana kina Virginia ni wengi na kina Ruguru ni wengi zaidi. Lakini sema unamtafuta Mama wa Waitalia, na hata mlevi atakuonyesha njia. Si kwamba mama huyu amewahi kukanyaga Italia. Mbali zaidi alikowahi kufika ni Nairobi, na kutoka huko alirudi akilalamikia chai. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kitabu, na kitabu alikipata kwa sababu ya parachichi.

Ilikuwa hivi. Mumewe, Muchangi, alikuwa amekufa, akamwachia kahawa kidogo, ng'ombe mmoja mkaidi, mwana mmoja mpole aitwaye Nyamu, na mparachichi mrefu nyuma ya jiko. Siku moja mnunuzi wa maparachichi alikuwa njiani na kijana wa kuchuma hakutokea. Mama Nyamu akafunga leso kiunoni, akapanda mwenyewe. Majirani wakampigia kelele, "Mama Nyamu, shuka! Huo si umri wa kupanda miti!" Alishuka kweli, ila si kwa njia waliyoikusudia.

Paja likavunjika. Akalazwa mjini, mguu ukaning'inizwa juu kwa kamba na vyuma vya uzito, na mtu akishafungwa hivyo haendi popote. Anatazama dari mpaka anazijua nyufa zake moja moja. Wiki ya kwanza hakuzungumza na mtu. Uchungu wa mguu ulikuwa umekutana na ule mwingine wa kufiwa, ambao hakuwa amepata nafasi ya kuulilia kwa sababu ya ng'ombe na kahawa.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Kajuju, mwalimu mstaafu wa Githongo huko Meru, mjane kama yeye. Alikuwa amekuja Embu kumtembelea bintiye Gatwiri, aliyeuza dawa za mifugo mjini, na boda boda ikamwangusha kabla hajafika mlangoni. Mkobani mwake alikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, alichokiokota kwenye rundo la vitabu vikuukuu kando ya barabara mjini Meru. Jina la kitabu hakulijua. Jina la mwandishi hakulijua pia.

"Mama Nyamu," akamwambia alasiri moja, "wewe umeitazama hiyo dari mpaka itaanguka. Wacha nikusomee."

Kikawa ni kitabu cha hadithi za Waitalia wa zamani sana, kabla Mreno hajaiona Mombasa. Tauni imeingia mjini mwao, watu wanakufa mpaka wa kuzika wanakosekana. Basi vijana kumi wakatoroka wakaenda mashambani, kwenye nyumba yenye bustani na maji baridi. Huko, badala ya kukaa wakilia, wakawa wanasimuliana hadithi, na kila siku mmoja wao anafanywa mfalme au malkia wa kuamua wasimulie nini. Kajuju alisoma kimyakimya ukurasa mmoja, kisha akausimulia kwa Kiswahili, na palipokuwa patamu zaidi akaingiza Kimeru. Kulikuwa na wafanyabiashara waliotapeliwa na matapeli waliotapeliwa zaidi yao. Kulikuwa na watawa waliohubiri kufunga huku wakinenepa, wake waliowazidi waume zao akili, na wanyonge waliosimama mbele ya wakubwa wenye hasira wakajiokoa kwa neno moja lililotoka kwa wakati wake.

Hadithi ya tatu au ya nne, Mama Nyamu alicheka. Kicheko kile kilimuuma mguu mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakukoma, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka nesi akaja mbio. Alilia kwa ajili ya Muchangi siku ile, katikati ya hadithi ya mtawa na mkuu wake, na hakuna aliyemwona wa ajabu. Baadaye alimwambia Kajuju kwamba alihisi kama mtu aliyeshushiwa kuni mgongoni.

Wodi nzima ya wanawake ikawa inangoja alasiri. Wakaanza kumteua malkia wa siku kama wale vijana, na taji likawa bendeji iliyozungushwa kichwani. Malkia anaagiza: leo tunataka hadithi za wake wajanja. Ilipofika zamu ya Mama Nyamu kusimulia ya kwake, alikataa katakata. "Mimi sina hadithi. Mimi ni wa kusikiliza," alisema, na zamu ikaenda kitanda kinachofuata.

Kajuju aliruhusiwa kwenda kwanza. Kabla ya kuondoka kwa magongo yake alikiweka kitabu kwenye mto wa mwenzake. "Kaa nacho. Mimi nimekisoma mpaka kimenisoma."

Tangu hapo kitabu kile hakijapata vumbi. Mama Nyamu alikisoma kila alasiri baada ya kukama, akiwa na kamusi ya shule ya Nyamu pajani, taratibu kama anayechambua mchele. Msimu wa kahawa aliwasimulia wachumaji, na vikapu vikajaa bila mtu kulalamikia jua. Alisimulia kama alivyosoma, hakuongeza wala hakupunguza. Akisahau kidogo, anawaambia wangoje aende akaangalie. Akina mama wawili wa kanisa walimlalamikia kuhusu wale watawa. Akawajibu kwa upole, "Wale ni wa Italia, tena wa zamani. Wetu hapa si mnaona ni wembamba?" Malalamiko yakaishia hapo. Nyamu alipotaka kulitafuta jina la mwandishi kwenye simu, alimkataza. "Wacha. Nikilijua nitaanza kumwogopa kama mwalimu mkuu."

Lakini hakumsahau. Kila Novemba, Wakatoliki wanapopeleka majina ya marehemu wao yaombewe, baada ya Muchangi na wazazi wake yeye huongeza, "Na yule mwandishi wa hadithi." Katekista alimuuliza mara moja huyo ni ndugu wa upande gani. "Alinikuta nimelala chini, akaniinua," akasema. "Andika tu."

Sasa, wakati mama hawa wawili wamelala miguu juu wakicheka na Waitalia, kwenye benchi la wageni kulikuwa na jambo lingine. Nyamu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja kila siku saa ya kuwaona wagonjwa. Gatwiri naye alikuja kila siku, na binti yake mdogo mkononi. Baba wa mtoto yule alikuwa ameondoka bila kuaga na bila kurudi. Nyamu alianza kwa kumletea mtoto ndizi. Akaishia kumpenda mtoto, kisha mama yake, au kinyume chake; mwenyewe hajui.

Mama Nyamu alipoambiwa kwamba wanataka kuoana alishukuru mpaka akakosa usingizi. Lakini Kajuju alimpigia simu kabla ya siku ya mahari, na sauti yake haikuwa na mchezo.

"Mama Nyamu, nakuambia kama dada. Atakayetusemea ni shemeji yangu Kiunga. Ni mtu wa haki, lakini ana kidonda. Watu hapa walimsengenya Gatwiri sana alipozaa nyumbani bila mume. Kiunga ameapa kwamba mtu yeyote akija kumwoa huyu msichana kwa dharau hata kidogo, anarudi na mbuzi wake. Na atatafuta dharau hata kwenye chumvi."

"Hataipata," akasema Mama Nyamu.

"Na asali ije imejaa. Usisahau asali."

Katika ukoo wa kina Kiunga, mahari bila asali ni kelele tu. Ng'ombe anaweza kuahidiwa, asali haiahidiwi. Lazima ifike, ifunguliwe mbele ya wazee, na ukoo wa msichana ugawiwe. Aliyeionja amekuwa shahidi kwamba huyu ameolewa. Ndiyo maana Mama Nyamu hakununua ya dukani. Alikwenda kwa Gichovi, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mwenye mizinga huko Mbeere, na ambaye pia ndiye angewasemea. Gichovi akatoa ndoo ya asali nyeusi, nzito, imejaa mpaka mfuniko ulikataa kufunga vizuri.

Gichovi ni mtu mwema. Hana wivu, hana uchoyo, na kasoro yake ni moja: akiwa na kitu kizuri hawezi kunyamaza. Siku ya safari waliingia kwenye gari la kukodi, Mama Nyamu mbele kando ya dereva, Gichovi kiti cha nyuma kabisa, ndoo katikati ya miguu. Runyenjes wakasimama kumchukua shangazi na mumewe. "Mnajua tumebeba nini?" Gichovi akawauliza kabla hawajakaa. "Asali ya bibi harusi wetu! Onjeni, onjeni wenyewe!" Chuka wakawachukua binamu, nao walikuwa wamenunua mikate. Nkubu wakamchukua rafiki mmoja wa familia, na askari wa barabarani aliyewasimamisha hakuachwa nje. Mama Nyamu alisikia vicheko kule nyuma, akadhani ni kidole kimoja kimoja. Mchovya asali hachovyi mara moja. Hilo alilijua, ila siku ile alikuwa na furaha na hakulikumbuka.

Githongo walipokelewa vizuri. Akina mama wa nyumbani waliwazuia langoni kwa nyimbo, wageni wakajibu, lango likafunguliwa. Wakaketi chini ya hema, wazee wa huku na wazee wa kule. Kiunga alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Mazungumzo ya mbuzi na ng'ombe yakaenda kama maji kwenye mfereji. Kisha akasema iletwe asali.

Akaufungua mfuniko mwenyewe. Akatazama ndani. Akatazama tena, kama mtu aliyechungulia kisima akakuta si chake.

Asali ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu ya ndoo, na juu yake yalielea makombo ya mkate.

"Gichovi," akasema polepole. "Hii ni nini?"

Gichovi, ambaye ndevu zake bado zilikuwa zikinata, alifungua mdomo. Mtu aliyesema kutoka Runyenjes mpaka Nkubu bila kupumzika hakupata hata neno moja.

"Nauliza kwa sababu nataka kuelewa," Kiunga akaendelea. "Hapa kitu hakiletwi bure bure. Kila kinachoingia kwa lango la mkwe kinasema. Nyinyi mmeniletea asali nusu, tena imeguswa na watu wengine. Mnataka kuniambia msichana wetu ni wa nusu? Kwamba ameguswa na mtu mwingine, kwa hivyo ya kujaa haimfai?"

Dirisha la nyumba lilikuwa wazi, na nyuma ya pazia alisimama Gatwiri na mtoto wake mkononi. Mama Nyamu aliona pazia likitikisika. Akamwona Nyamu akiinamisha kichwa. Akamwona Kajuju, rafiki yake, amejishika mdomo. Aliona wazi kwamba mzee yule akisimama kutoka kwenye kiti chake mambo yamekwisha, na kwamba msichana yule atakaa na neno "nusu" maisha yake yote, ingawa hakuna aliyekusudia kulisema. Akasimama.

"Mama," Kiunga akamwambia, si kwa ukali, "wazee wanaongea."

"Ndiyo, mzee. Mimi siongei. Nawasimulia tu kitu kidogo, mkikubali, halafu nikae."

Kiunga akaitikia kwa kidevu.

"Mimi niko na kitabu cha Waitalia wa zamani," Mama Nyamu akaanza. "Mama Gatwiri anakijua. Kulikuwa na mjane huko, na kijana wake mmoja. Kijana akapenda msichana wa mji wa mbali. Mjane akatuma asali kwa wakwe, akampatia shemeji yake aibebe, kwa sababu mizinga ni ya shemeji. Sasa huyo shemeji alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa na ugonjwa: furaha haikai ndani yake. Na barabara ilikuwa na malango mengi, na kila lango na askari. Wanamuuliza, umebeba nini? Mtu mwingine angesema, ni asali tu, nipite. Yeye anasema, ni ya msichana tunaoa! Mmewahi kuona kama hii? Onjeni mjue tunaoa mtu wa aina gani!"

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Kiunga hakucheka.

"Akafika, chombo kimeshuka. Baba ya msichana akakasirika sana. Akasema, mtoto wangu ni wa nusu? Na mzee, hakuwa na makosa kukasirika. Hata mimi ningekasirika. Lakini kwa hiyo nyumba kulikuwa na nyanya mmoja mzee, macho yamechoka. Akauliza, hiyo ingine imeenda wapi? Wakamwambia, imeliwa na watu wa kila lango. Akauliza, wakila waliambiwa ni ya nani? Wakasema, waliambiwa ni ya msichana wetu. Huyo nyanya akacheka. Akasema, mimi nililetewa chombo kimejaa mpaka juu, na aliyejua nimeolewa ni kuku wa hii boma. Lakini huyu ameolewa mbele ya barabara nzima. Siku huyo kijana atajaribu kumwacha, atapitia wapi? Kila lango litamuuliza, na ile asali tulikula, ilikuwa ya nani?"

Mama Nyamu akageuka, akamtazama mzee usoni, jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Hiyo ni ya Waitalia. Yangu ni hii. Kutoka Runyenjes mpaka hapa kuna watu wamekula asali ya Gatwiri, na wote wanajua jina lake. Mimi sikuja kuchukua nusu ya mtu, mzee. Nimekuja kuomba Gatwiri na mtoto wake, wote wawili, na kwa hiyo naona mimi ndiye nitarudi nyumbani nimejaziwa."

Akakaa, maana mguu ulikuwa umekataa.

Kiunga aliitazama ndoo. Akachukua kijiko, akakiinua na kombo moja la mkate juu yake.

"Na huko Italia," akauliza, "asali ilikuwa na makombo?"

"Ilikuwa nayo, mzee. Wale watu wanapenda ngano kuliko sisi."

Aliyeanza kucheka ni bibi mmoja wa nyumbani, halafu ikawa kama mvua kwenye mabati. Kiunga alijaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda pembeni mwa mdomo.

"Na huyo shemeji, kitabu kinasema alifanywa nini?"

Watu wote wakamgeukia Gichovi, ambaye alikuwa akijifuta ndevu kwa leso.

"Hakisemi," akasema Mama Nyamu. "Kimewaachia wazee."

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Hukumu ikatoka: Gichovi ataleta ndoo nyingine, imejaa, ameipakata mwenyewe mapajani, mfuniko umefungwa kwa kamba, na gari lisisimame popote hata akibanwa. Gichovi akakubali upesi kuliko mtu aliyeachiliwa na mahakama. Ndipo Kiunga akamwita Gatwiri atoke nje. Msichana akaja na mtoto wake, macho mekundu. Mzee akachota ile asali pungufu, akaonja yeye kwanza mbele ya watu wote, akampa Gatwiri, kisha akainama na koti lake la pasi akampa mtoto. "Sasa sisi pia ni watu wa lango," akasema. Akina mama wakapiga vigelegele.

Baadaye, wakati wa kupakua chakula, Kajuju alimvuta mwenzake jikoni na kufunga mlango. Sufuria za irio, viazi na mahindi ya kupondwa, zilikuwa zikitoa mvuke, nje watu walikuwa wameanza kuimba.

"Mama Nyamu. Ile hadithi ni ya siku ya ngapi? Nimekipekua kitabu chote kichwani, siku zote kumi."

Mama Nyamu akashika mwiko, akakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

"Ni ya leo."

Kajuju alimtazama. Alianza kucheka, akaacha, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Unajua, nilipokuwa nakusomea pale wodini, nilidhani nakupitishia tu wakati," akasema. "Kumbe nilikuwa namtafutia mtoto wangu mtu wa kumsemea."

Mama Nyamu aliweka mwiko chini, akamkumbatia mwenzake, wakasimama hivyo mpaka irio ikaanza kuungua.